Andika Kwamba Halitakuja

Uru, Moshi
18 Aprili 1993

Mwanangu Hilda,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi ni wazima, mvua ni ya kutosha, na migomba imesimama vizuri isipokuwa ile ya upande wa mfereji. Bibi yako Dominika anakusalimu. Anauliza kama huko Japani wanakupa ndizi au wanakushindisha na samaki tu. Nimemwambia wewe ni mtu mzima utajitafutia, naye amenijibu kwamba hakuniuliza mimi.

Sasa sikiliza. Alhamisi jioni tulikuwa mezani, nyumba ikatikisika. Si kidogo! Sahani zilicheza kabatini, ng'ombe akakata kamba, na Bibi akadhani ni mimi ninayetikisa kitanda chake ili aamke tusali. Watu walitoka nje wakipiga yowe. Tangu siku hiyo hakuna anayelala vizuri huku mlimani, na wote wananijia mimi wakisema: Mzee Theodory, si binti yako ndiye anayesomea matetemeko? Muulize basi. Na kwa kuwa mimi ni mwenyekiti wa jumuiya yetu, siwezi kuwajibu kwa kukuna kichwa.

Kwa hiyo nakuuliza. Je, limekwisha, au kuna jingine linafuata? Tulale ndani au tulale nje? Nijibu upesi. Simu ya misheni imekufa tangu mvua zianze, tegemeo letu ni barua.

Ni mimi baba yako,
Theodory

*

Kaskazini mwa Japani
25 Aprili 1993

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sijapata barua yenu tangu kabla ya Pasaka, nadhani iko njiani. Natumaini mko salama na Bibi bado anawagombeza.

Jana nimerudi kutoka baharini. Tulikwenda na meli kudondosha vyombo vyetu hadi kwenye sakafu ya bahari. Kila kimoja ni tufe nene la kioo lenye kipima-tetemeko ndani, kinakaa huko gizani miezi kadhaa kikisikiliza. Chini ya bahari hii, ganda moja la dunia linajipenyeza chini ya jingine, polepole sana. Linapokwaruza hutoa matetemeko madogo ambayo hata ukilalia tumbo chini huwezi kuyahisi. Kazi yangu ni kuyatambua: hili limetokea wapi, kwa kina gani, na lile je.

Nikwambie jambo ambalo halijatangazwa. Tangu mwezi wa pili matetemeko madogo yameongezeka chini yetu. Profesa wangu anasema huenda si kitu, na huenda yanatangulia kubwa. Mimi nina wasiwasi, Baba, sikufichi. Mama mwenye nyumba ninakopanga, mjane anayeanika mwani, amenifundisha kulala na viatu miguuni na mfuko mlangoni. Anasema yeye yuko radhi apigwe na baridi nje kuliko afukiwe ndani. Zamani nilimcheka, siku hizi simcheki.

Wala usidhani ni mambo ya mbali. Dunia ni moja. Nguvu zinazosukuma huku ni ndugu wa zile zilizouinua mlima wetu.

Msalimie Bibi. Mwambie samaki ni wazuri ila mtori wake wa ndizi ndio ninaoulilia.

Binti yako,
Hilda

*

Uru
16 Mei 1993

Mwanangu Hilda,

Jibu lako limefika Jumatano. Mungu akubariki kwa kunijibu upesi namna hii! Wengine hapa wana watoto Dar es Salaam tu, wakiandika leo wanajibiwa Krismasi.

Niliisoma barua yako mbele ya jumuiya, nyumbani kwa Mama Gladness. Nilipofika mahali uliposema matetemeko madogo yameongezeka chini yetu na huenda yanatangulia kubwa, watu wote walinisogelea. Nilipofika kwa yule mjane na viatu vyake, Mama Gladness akasimama akaanza kutoa magodoro nje kabla hata sijamaliza kusoma.

Sasa sote tunalala kwenye uwanja wa mpira wa shule. Tumejenga vibanda vya miti na majani ya migomba, wenye nailoni wameweka na nailoni juu. Nilianza na Bibi yako. Nilimbeba mgongoni mwenyewe, naye alinipiga makofi ya kichwa njia nzima akisema amezaliwa ndani na atakufia ndani. Lakini fikiria, mwenyekiti akimwacha mama yake ndani ya nyumba, nani atamfuata? Walipomwona Bibi Dominika uwanjani, familia nzima nzima zikaja.

Watu wanakushukuru sana. Usiku ni baridi lakini tunaimba. Ukiona mabadiliko yoyote kwenye vyombo vyako, tuandikie mara moja.

Baba yako mwenye fahari,
Theodory

*

Majengo, Moshi
30 Mei 1993

Dada Hilda,

Mambo? Mimi ndugu yako Primus niko hapa hapa karakana ya Shakiru, nachomelea mageti, macho yanawasha, maisha yanaenda. Hayo tuyaache.

Hivi umemwandikia nini dingi? Jumapili nimepanda Uru kuwasalimia, nikakuta nyumba imefungwa kwa kufuli, na familia yote iko uwanjani kama wakimbizi. Bibi yumo kwenye kibanda cha majani, blanketi limelowa umande, anakohoa. Nikamwambia mzee, twende ndani. Akanitolea barua yako! Nimeisoma mwanzo mpaka mwisho. Wewe unaongelea bahari ya Wajapani, sivyo? Nikamwonyesha tarehe: barua yake ya tarehe kumi na nane ingefikaje Japani ukaijibu tarehe ishirini na tano? Akasema mimi nilifeli shule, nisimfundishe kusoma.

Huko juu Juni na Julai unazijua. Asubuhi hata maziwa hayataki kutoka kwenye chuchu za ng'ombe. Bibi ni mtu wa miaka themanini na kitu. Tafadhali dada, mwandikie mzee sentensi moja tu. Andika kwamba halitakuja. Usiweke maelezo. Mimi hanisikii, wewe atakusikia.

Ndugu yako,
Primus

*

Kaskazini mwa Japani
9 Juni 1993

Baba,

Shikamoo. Nimeshuka melini leo nikazikuta barua zako mbili zimelala pamoja sandukuni, ya Aprili na ya Mei. Nimezisoma nimesimama mlangoni, hata begi sijaweka chini.

Baba, barua yangu haikuwa jibu lako. Zilipishana njiani. Niliandika kuhusu bahari ya huku. Niliposema "chini yetu" nilimaanisha chini ya meli, chini ya mji huu. Sina chombo hata kimoja Kilimanjaro. Tetemeko mlilolipata ni la aina nyingine kabisa, la Bonde la Ufa, na mengi ya namna hiyo hupita bila kufuatwa na kubwa. Nakuomba rudini ndani. Mrudishe Bibi ndani leo hii.

Najua utaniuliza kama nina hakika. Sitaki kukudanganya. Hakuna mtu duniani anayeweza kusema siku wala saa ya tetemeko, wala kuapa kwamba halitakuja. Ninachosema ni kwamba uwezekano ni mdogo, na baridi ya huko ni ya hakika.

Nisamehe kwa kuwatia hofu.

Hilda

*

Uru
1 Julai 1993

Mwanangu,

Nimeipata. Nimeisoma peke yangu, halafu nimeisoma mbele ya watu.

Nimekuelewa kuhusu zile barua kupishana. Primus amecheka hadi amekaa chini, na mimi nimemwacha acheke. Lakini Hilda, hebu jiweke mahali pangu. Mimi nilikuuliza kuhusu hapa. Kuhusu hapa unasema hakuna anayeweza kuapa kwamba halitakuja. Nilipousoma mstari huo, Mzee Elimringi akaniuliza, "Sasa mwenyekiti, kama mtaalamu haapi, wewe utaapa?" Na tena mwezi uliopita ardhi imetikisika mara nyingine, ndogo, ila kila mtu uwanjani ameisikia.

Mimi ndiye niliyewatoa watu hawa majumbani mwao. Nikiwarudisha leo kwa neno "uwezekano", na usiku nyumba ikamwangukia mtoto wa mtu, nitamtazama nani usoni? Niletee neno kamili nami nitawarudisha. Bila hilo tunabaki.

Bibi ana mafua kidogo. Usiwe na wasiwasi.

Baba yako,
Theodory

*

Majengo
2 Julai 1993

Hilda,

Mzee amenipa barua yake niipeleke posta. Nimeifungua, niombee msamaha kwa Mungu. Mafua kidogo! Bibi anapumua kama mvukuto wa mhunzi. Mganga wa zahanati amekuja uwanjani, amesema ni kifua, amempa sindano, na amemwambia mzee kwa mdomo wake: huyu mama akiendelea kulala kwenye unyevu, dawa zangu ni za bure. Mzee akalia. Nimemwona kwa macho yangu, dingi analia kama mtoto, halafu akakataa.

Nilijaribu kumbeba Bibi kwa nguvu. Wanaume wanne walinizuia. Wanasema akirudi yeye wote watarudi, na damu itakuwa juu yangu.

Umeandika vizuri dada, kisomi, kwa uangalifu. Karatasi nzima wamesikia mstari mmoja tu. Ukimwambia mzee hujui, Bibi anakufa. Ndivyo ilivyo. Tuma telegramu kwa sanduku la posta la karakana, nitaipandisha mwenyewe. Nakuomba.

Primus

*

TELEGRAMU
20 Julai 1993
KWA MZEE THEODORY. HALITAKUJA TETEMEKO KILIMANJARO. NINA HAKIKA. INGIENI NDANI WOTE. MRUDISHE BIBI LEO. HILDA.

*

Kaskazini mwa Japani
20 Julai 1993

Primus,

Nimeituma. Karani wa posta alinisomea herufi moja moja nihakikishe, na kila neno aliloniuliza nililijibu ndiyo.

Nataka wewe ujue, na usimwambie mtu. Sina hakika. Sijui zaidi kuhusu ardhi ya Uru kuliko unavyojua wewe. Leo asubuhi hiyo hiyo chama cha wavuvi walikuja chuoni kumuuliza Profesa kuhusu yale matetemeko madogo, wakitaka ndiyo au hapana. Mimi ndiye niliyeandika majibu yao. Nimejaza "huenda" na "haijulikani" karatasi nzima. Wazee wa watu wamesoma, wamenishukuru, wamekwenda zao. Mjane wangu bado analala na viatu. Hao ni wageni na nimewaambia ukweli. Baba yangu nimemdanganya kwa maneno ya kulipia.

Naogopa, Primus. Naogopa barua yako inayokuja itasema Bibi ameondoka. Naogopa pia kwamba kesho ardhi itatikisika kweli na nyumba zimejaa watu kwa neno langu. Nimekaa na ramani ya Afrika Mashariki tangu mchana kama vile nikiitazama sana itaniambia kitu. Niandikie upesi, hata kama ni baya.

Hilda

*

Uru
29 Julai 1993

Mwanangu Hilda, mtaalamu wetu,

Primus alipanda mbio na telegramu yako mpaka kiatu kikakatika. Niliisoma mbele ya uwanja mzima. Nina hakika! Mzee Elimringi aliiomba aishike mwenyewe. Jua halijazama vibanda vyote vilikuwa vimevunjwa, na majani wamepewa ng'ombe.

Bibi yuko ndani, kitanda tumekisogeza karibu na jiko. Siku za kwanza tuliogopa. Sasa homa imeshuka, anakunywa mtori, na jana amenitukana, kwa hiyo nimejua amepona. Anakuambia ahsante, ila anasema ungelisema hivyo tangu mwezi wa tano.

Telegramu yako imefanya na kazi nyingine ambayo hukuitegemea. Lile tetemeko la Aprili lilipasua ukuta wa darasa la tatu, ufa kutoka msingi hadi juu, kiganja kinapita. Mwalimu mkuu, Efraimu, alikuwa amelifunga, watoto wakibanana na darasa la pili. Wakaguzi hawaji, na mafundi wanasema ukuta unasimama vizuri ilimradi usitikiswe. Basi nilimpelekea telegramu yako. Nikamwambia, mwalimu, binti yangu ana hakika kwamba hautatikiswa. Amefungua. Tangu Jumatatu watoto wamo ndani, na sauti zao ninazisikia mpaka hapa nikikuandikia.

Unaona jinsi neno lako linavyosaidia watu! Kila nikipita njiani wananiita baba wa Hilda.

Baba yako,
Theodory

*

TELEGRAMU
16 Agosti 1993
KWA MZEE THEODORY. WATOENI WATOTO DARASANI. SIJUI KAMA HALITAKUJA. SIKUJUA HATA SIKU ILE. NILISEMA UONGO ILI BIBI AINGIE NDANI. NISAMEHE BABA. WATOENI. HILDA.

*

Uru
27 Agosti 1993

Hilda,

Telegramu yako ya pili ilifika siku ya pili yake. Primus aliniletea, akakaa kwenye ngazi akanisubiri nimalize. Kumbe alijua tangu mwanzo. Nilimfukuza. Nilichukia sana, mwanangu. Nilikuchukia wewe kuanzia pale hadi nilipofika mferejini, na huko nikakaa chini. Nilikumbuka ni nani aliyekwambia ulete neno kamili.

Nilikwenda shule. Mwalimu Efraimu aliisoma akanirudishia. Akasema, "Mzee Theodory, mwezi uliopita binti yako alikuwa na hakika, mwezi huu hana. Niamini telegramu ipi? Tumelala nje kwa barua zake, tumerudi ndani kwa barua zake. Watu wamechoka. Sina darasa jingine." Niliwaendea wazazi mmoja mmoja. Mama Gladness hakunifungulia mlango. Mzee Elimringi alinikaribisha, akanipa pombe ya mbege, akanisikiliza vizuri, akasema mjukuu wake ataendelea kwenda.

Siwalaumu. Niliwafundisha mwenyewe kwamba neno la mtaalamu ni ndiyo au ni hapana.

Basi nilifanya nililoliweza. Asubuhi iliyofuata nilivaa koti la kanisani nikaenda nikaketi darasa la tatu, dawati la nyuma, lililogusana na ule ufa. Mwalimu Efraimu akaniuliza ninafanya nini. Nikamwambia niliwaleta hapa, nitakaa nao. Akadhani nitachoka. Niliketi juma zima. Nimejifunza upya hesabu za kugawanya. Nikisikia gari la mizigo linapita barabarani naushika ukuta kwa mkono kama mjinga, kama vile naweza kuuzuia. Sijawahi kuogopa namna ile maishani mwangu, na nilikuwa nimeketi tu.

Juzi mjukuu wa Elimringi, kasichana kanakoitwa Faraja, aligeuka akaninong'oneza, "Babu, mbona unatetemeka?"

Nikamwambia naogopa ukuta.

"Utaanguka?"

Mwalimu aliacha chaki ubaoni. Hilda, nilitaka kumpa neno kamili. Nilikuwa nalo la ndiyo na nilikuwa nalo la hapana, na yote mawili yangekuwa uongo.

Nikamwambia, "Sijui, mama. Hata Hilda hajui."

Akanitazama. Akafunga daftari lake, akatia kalamu sokisini, akatoka nje. Mwenzake wa dawati akamfuata, halafu dawati la mbele, halafu wote, bila kelele. Mwalimu Efraimu aliita majina yao mpaka sauti ikakauka. Mimi nilitoka wa mwisho.

Sasa wanasomea uani kwetu, na Bibi anawafokea dirishani kwamba wanaimba vibaya. Ukuta bado umesimama. Mwalimu Efraimu hanisalimii.

Ni mimi baba yako,
Theodory